Sauti Aliyompimia Mama Yake

Binti yangu ni fundi mitambo ya muziki, tena si fundi wa kubahatisha. Watu wenye sherehe humtafuta yeye kwanza, ukumbi baadaye. Nalisema hili mapema kwa sababu nitakayoyasimulia yanaweza kumfanya mtu adhani hajui kazi yake. Anaijua. Wimbo wa mwisho wa mama yake aliuharibu akiwa na akili zake timamu, na kilichomponza ni huruma. Mimi huruma ya namna hiyo siipendi, na sitajifanya naipenda.

Nyumbani kwetu ukiita "fundi" tulikuwa tunaitika wawili. Mimi ni fundi cherehani, nimeinamia mashine mpaka mgongo umekubali kubaki hivyo hivyo. Mke wangu alichoka kugeuza vichwa viwili kila alipomhitaji mmoja, akaamua mimi ni Fundi Nguo na binti ni Fundi Nyaya. Yeye mwenyewe mtaa mzima ulimwita Kinanda. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho, likitajwa siku za hospitali tu.

Kinanda alikuwa anaimba tangu sijamwoa. Aliimba kwenye harusi za watu, kwenye misiba ya watu, na jikoni kwangu bure. Alikuwa na wimbo mmoja aliotunga mwenyewe, wa mwanamke anayemsubiri mtu stendi mpaka wafagiaji wanamwomba anyanyue miguu. Watu waliuomba kila alipoalikwa. Beti mbili za kwanza zinakwenda chini chini, kama mtu anayejisemea. Ubeti wa tatu unapanda, na hapo ndipo Kinanda alipokuwa anaitoa sauti yote aliyokuja nayo, na watu waliokuwa wanapiga soga nyuma ya ukumbi wanageuka.

Hakuwahi kukubali wimbo ule urekodiwe. Alisema wakishamtia kwenye mashine hawatamwalika tena, watabonyeza kitufe tu. Nilimwambia hayo ni maringo. Akanijibu kwamba maringo hayo hayo ndiyo yaliyonifanya nimfuate nyumbani kwao na suruali ya kuazima, na suruali kweli ilikuwa ya kuazima.

Alikuwa na tabia nyingine iliyowatoa jasho mafundi mitambo wote waliokuwepo kabla ya binti yetu. Wakati wa kujaribu vyombo hakuimba kwa sauti yake. Aliimba nusu, pengine hata chini ya nusu. Alisema sauti si maji ya bomba, hawezi kuvifungulia viti vitupu. Fundi asiyemjua alipima mitambo yake kwa ile nusu, akaridhika, akaenda kutafuta chai. Watu wakishajaa na Kinanda akiufikia ubeti wa tatu, spika zinakoroma, wageni wanaziba masikio, na fundi anarudi mbio kama mtu aliyesahau sufuria jikoni.

Binti alinieleza mara nyingi kinachotokea hapo, nami nikakielewa kwa namna yangu. Kwenye miksa, ile meza ya vitufe inayopokea sauti zote, juu kabisa ya kila mstari kuna kitufe cha kuzungusha kinachoamua sauti iingie kwa nguvu kiasi gani. Ukikifungua kidogo mno, sauti inaingia nyembamba, na ukija kuikuza baadaye unaikuza pamoja na uvumi wa mashine. Ukikifungua kupita kiasi, sauti inafika mahali ambapo mashine haiwezi kuibeba, inakatwa juu, na kilichokatwa hakishoneki. Vile vitufe vya kusukuma mbele na nyuma havisaidii kitu hapo, kwa sababu vinapunguza sauti ambayo imeshachanika. Kwa hiyo unamwomba mwimbaji aimbe pale anapopaza kuliko pote, na unaziangalia taa. Kijani ndiyo kazi. Njano iguse na kuondoka. Nyekundu isiwake. Na ukishamaliza, bado unaacha nafasi kidogo, kama mimi ninavyoacha kitambaa ndani ya mshono wa suruali kwa sababu mwenye suruali atanenepa tu.

Kwa mama yake aliacha nafasi kubwa zaidi. Alipima kama kawaida, halafu akakirudisha nyuma kile kitufe kwa kiasi ambacho hakumfanyia mwimbaji mwingine yeyote. Wenzake kazini waliliita punguzo la Kinanda. Tangu binti aanze kumshikia mama yake mitambo, hakuna spika iliyowahi kukoroma.

Kisha ukaja uvimbe. Ulianza na ukwaruzo wa asubuhi ambao tuliulaumu vumbi la vitambaa vyangu, nikahamishia cherehani barazani, nikaona nimetoa mchango mkubwa. Ukwaruzo haukuhama. Daktari alituketisha akatueleza kwamba uvimbe umeshika kisanduku cha sauti, na kwamba lazima kitolewe chote, na mke wangu atapumulia kwenye tundu dogo shingoni. Alieleza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mimi nilikuwa naikodolea macho mishono ya koti lake. Kinanda aliuliza swali moja tu, kama ataimba. Daktari alikuwa mtu muungwana, hakuzungukazunguka. Akasema kuongea watamsaidia kwa njia nyingine baadaye, ila kuimba hapana.

Tulipotoka nje alisimama kwenye ngazi za hospitali akajifunga kitambaa chake upya. Akaniambia nimwambie Fundi Nyaya atayarishe studio, wimbo wa stendi utaingia kwenye mashine. Sikumuuliza kuhusu maringo. Nilimshika mkono tukashuka ngazi.

Studio ya binti ni vyumba viwili nyuma ya ukumbi anaofanyia kazi. Kimoja ni cha mwimbaji, kingine ni cha mitambo, na katikati kuna ukuta wa mbao wenye kioo. Kuta za chumba cha mwimbaji zimefunikwa magodoro ya zamani ambayo mimi mwenyewe niliyavalisha kitambaa cheusi, ili yasionekane yalivyo. Pana maikrofoni moja kwenye mguu wake, kiti, na meza ndogo ya maji.

Tulikwenda mchana, katika wiki ya mwisho kabla ya upasuaji, saa ambazo sauti yake ilikuwa imefunguka. Alivaa gauni nililomshonea mwenyewe, na lilimpwaya ikabidi nilibane kwa pini mgongoni. Wakati huo kila mtu alikuwa ameanza kuzungumza naye kwa kunong'ona. Majirani walinong'ona, shemeji zangu walinong'ona, kana kwamba uvimbe ulikuwa masikioni. Binti alimshika kiwiko kupanda ngazi mbili za mlangoni, akamvutia kiti, akamfungulia chupa ya maji. Kinanda aliyavumilia yote. Mtu aliyemzoea angejua kwamba Kinanda akivumilia kimya, amekasirika, nami nilikuwa nimemzoea, lakini siku ile nilikuona kule kunyamaza kuwa ni udhaifu tu.

Binti alimvalisha hedifoni, akaja huku kwenye mitambo, akamwomba ajaribu. Kinanda akaimba mistari miwili ya ubeti wa kwanza. Ilikuwa sauti ndogo, imekauka pembeni, na mwisho wa mstari ikakatika kidogo. Binti akabonyeza kile kitufe cha kuongea na chumba cha pili, akamwomba amwonjeshe ubeti wa tatu. Kinanda akacheka na kujibu vilevile alivyowajibu mafundi wote maishani mwake, kwamba ubeti wa tatu watakutana nao huko huko.

Nikauangalia mkono wa binti. Alikizungusha kile kitufe cha juu, sauti ya mama yake ikapanda hadi taa za kijani zikasimama vizuri. Nikasubiri airudishe nyuma, lile punguzo. Hakurudisha. Akaongeza tena.

"Hapo si ndipo unaporudisha?" nikamuuliza.

"Baba, leo hana sauti," akasema polepole. "Nikirudisha hatasikika kabisa."

Nikaegemea kiti changu. Yeye ndiye fundi wa chumba kile.

Akaanza kurekodi. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya kazini. Alivua hedifoni zake akaziweka mezani, akafumba macho, akaegemeza kichwa kwenye ule ukuta wa mbao. Baadaye aliniambia alitaka mara moja tu amsikie mama yake bila waya katikati yao. Sauti ilikuwa inapita kwenye mbao yenyewe, ndogo, na ubeti wa kwanza ukaisha, na wa pili ukaisha, na mimi nikawa nakubaliana moyoni na binti kwamba kweli mke wangu amekwisha.

Ubeti wa tatu ukaja. Sijui aliitoa wapi. Ilikuwa sauti ile ile ya kumbini, ya siku ambazo watu walikuwa wanasimama juu ya viti, nzima, haina ukwaruzo, na ilipita kwenye mbao na kwenye kioo na kwenye magodoro yangu yote kana kwamba sikushona kitu. Niligundua nimesimama. Binti alikuwa bado amefumba macho na machozi yanamtoka. Kwenye miksa taa zote za mstari wake zilikuwa zimewaka hadi juu kabisa, nyekundu, na zimebaki hapo hapo. Nilijua nyekundu maana yake nini, nimeeleza hapa juu mwenyewe. Lakini nilikuwa na furaha nyingi mno siku ile, na niliziangalia kama mtu anayeangalia taa za harusi.

Alipomaliza hakuketi. Alibaki amesimama mbele ya maikrofoni, hedifoni kichwani, pini zangu zimefyatuka mgongoni, anatutazama kupitia kioo.

"Imeingia?" akauliza.

Binti alifuta macho akavaa hedifoni, akaurudisha wimbo nyuma kidogo akasikiliza. Mimi nilikuwa namwona mgongoni tu. Alisikiliza kwa muda mfupi, mabega yake yakashuka. Kisha akabonyeza kitufe cha kuongea.

"Imeingia, mama. Imeingia vizuri sana."

Hapo ndipo Kinanda alipovua hedifoni. Aliketi, akakohoa, akanywa maji yote. Njiani kurudi nyumbani alikuwa na raha ya mtu aliyemaliza kazi, akanitania kwamba sasa hata nikioa tena atakuwepo ukutani ananiimbia. Nikamwambia nitang'oa spika. Kwa raha ile ile akaingia hospitali, na kwa raha ile ile akasukumwa kwenye kile kitanda chenye magurudumu, amenishika kidole kimoja.

Upasuaji ulikwenda salama. Nilimkuta na bomba shingoni na macho mazima. Siku alizokuwa wodini nilimwomba binti alete ule wimbo, nimwekee mama yake asikilize. Akasema bado anausafisha. Nikaomba tena, akasema kompyuta ina tatizo. Mimi nimewahi kuwaambia wateja wengi kwamba uzi wa rangi yao umekwisha dukani, kwa hiyo udanganyifu wa mafundi naujua ulivyovaa. Nikaenda studio bila kumwambia.

Nilimkuta ameuzungusha ubeti wa tatu, unaisha, unaanza, unaisha, unaanza. Nilisikia tangu mlangoni. Beti mbili za kwanza zilikuwa safi, alinionyesha baadaye, unasikia hadi midomo ikiachana. Lakini pale pa tatu hapakuwa na Kinanda. Palikuwa na kitambaa kinachochanwa, kinachanwa kwa mapigo ya wimbo, na nyuma yake kwa mbali mtu anajaribu kutoka. Binti alisema amejaribu kila alichofundishwa na kila alichosikia kwa wenzake. Hakuna cha kushusha wala cha kusafisha, kwa sababu sauti yenyewe haikuingia. Kilichoingia ni mahali ilipogonga.

Nilikasirika, tena vibaya. Nilimwambia maneno kuhusu kufumba macho kazini ambayo ningemwambia mtu aliyekata kitambaa cha mteja bila kupima. Hakujitetea. Nikamuuliza kwa nini alimwambia mama yake imeingia.

"Ulimwona alivyokuwa, baba. Alikuwa amejimaliza. Ningewezaje kumwambia arudie?"

Nikamwambia amweleze mama yake. Akaniomba nisubiri jeraha lifunge na mama arudi nyumbani, na nikaona ombi lina mantiki, nikakubali, ingawa nilikubali kwa uchungu. Hasira yangu nayo ilikwisha nikiwa bado pale pale, nikabaki nasikitika tu. Ukimwangalia mtoto wako ameinamia kitu ambacho hakitengenezeki, huwezi kusimama na hasira muda mrefu.

Kinanda alirudi nyumbani. Nilimshonea vitambaa vidogo vya kufunika tundu la shingoni, vyepesi, vya kila rangi ya magauni yake, na akavikagua mishono kama mteja mkorofi. Aliongea kwa midomo bila sauti. Mimi nilimwelewa karibu kila neno, maana miaka mingi ya ndoa nimekuwa naangalia mdomo ule kujua kama nimesamehewa. Binti alishindwa. Kila mama yake alipoanza kuongea yeye alitazama chini, au alitazama kile kitambaa, halafu ananiuliza mimi mama amesema nini. Nikawa msemaji wa Kinanda kwa binti yake mwenyewe, chumba kimoja, meza moja.

Jumapili moja Kinanda aligonga sikio lake kwa kidole, akamwelekezea binti. Hakuhitaji msemaji. Binti akaenda kwenye gari akaleta kompyuta na spika moja. Alivipanga mezani taratibu sana, na alipomaliza kuvipanga akaanza kusema, mama, kabla sijauweka kuna jambo. Kinanda akainua kiganja kumnyamazisha. Alitaka wimbo kwanza.

Ubeti wa kwanza aliusikiliza ameinamisha kichwa, na midomo yake ikawa inafuatisha. Wa pili vilevile. Wa tatu ulipoanza midomo ikasimama. Nilidhani atamwashiria binti azime, lakini alisikiliza wote, mikono mapajani, mpaka ule mchaniko ulipokwisha na spika ikabaki inavuma. Mke wangu alikuwa ameimba mbele ya mitambo mibovu na mizuri kwa miaka mingi. Hakuhitaji kuelezwa kilichotokea.

Akaniuliza mimi, nami nikapeleka swali kwa binti, kama alimpandisha sauti kwenye miksa.

"Nilikupandisha, mama," binti akasema, akiiambia meza. "Nilidhani huna tena. Niliogopa usisikike."

Kinanda akaitikia kwa kichwa. Akanyoosha mkono akamshika binti nyuma ya shingo, kama alivyokuwa anamshika utotoni akiwa na homa. Binti akaanza kulia kwa kwikwi, na mimi nikashusha pumzi. Nikadhani tumevuka, na kwamba kilichobaki ni kuzoea.

Kisha midomo ya Kinanda ikaanza tena. Ilisema maneno machache, bila hasira. Nilipoyaelewa nikatamani nisingeyaelewa.

"Anasemaje, baba?"

Nikasema sikuyapata vizuri. Kinanda akaniangalia. Akapiga meza kwa kiganja, mara moja, akayarudia polepole akinitazama mimi na si binti, neno kwa neno, kama mtu anayemsomea kiziwi. Nilikuwa nimemnyima ukweli binti mmoja na mke mmoja kwa sekunde chache tu, na tayari nilikuwa najisikia nimesimama mahali pale pale aliposimama binti siku ile, kidole kwenye kitufe cha kuongea.

Kwa hiyo nikayasema kama yalivyo.

"Anasema, alipokuuliza kama imeingia, ungemwambia haijaingia. Alikuwa bado na sauti ya kurudia."

Binti akainua uso akamtazama mama yake mdomoni, kwa mara ya kwanza tangu mama atoke hospitali, akitafuta kama nimekosea. Kinanda akaitikia kwa kichwa kwamba nimesema sawasawa.